Ncha Mbili Mezani

Mjukuu wangu Inuuteq ameniwekea mezani vijitabu viwili,
karatasi nzito, yenye harufu ya dukani.
Bibi, chagua, akasema. Kiinua mgongo chako
kitakufikisha ncha moja ya dunia. Mbili hakitoshi.

Miaka thelathini na mmoja nimechuna samaki bapa
katika kiwanda cha Uummannaq,
hata vidole vimepinda kama ndoana walizozimeza.
Kiinua mgongo nimepewa. Mgongo wenyewe
bado haujainuka.

Nikaanza na Kusini.
Pengwini wamejipanga kama waumini wa Jumapili
wanaomngoja mchungaji aliyechelewa.
Nani huzaliwa huko? nikauliza.
Hakuna.
Nani huzikwa?
Akafikiri. Wachache, Bibi, na wote wageni.
Na mbwa?
Mbwa wamepigwa marufuku.

Jirani yangu Amalie akacheka mpaka chai ikamwagika:
utoke barafuni, uvuke dunia nzima, ukatazame barafu?
Anayeishi kisimani hanunui maji!

Acheke tu. Mimi nilivutiwa.
Huku kwetu kila mwamba una jina,
na kila jina lina mtu aliyepatwa na jambo.
Kule kuna weupe usiojuana na mtu,
weupe usio na deni langu.
Maana barafu ya huku ina deni langu:
ilimchukua Enok na sleji na mbwa tisa,
mwezi wa Machi, mchana kweupe,
ikarudisha mbwa wawili.

Usiku ule nililala na Kusini chini ya mto.

Asubuhi nikafunua cha pili, kwa adabu tu,
kama mtu anayeonja chakula alichokwisha kukikataa.
Jaladani dubu mweupe, kaoga, kachana nywele.
Siku ya kwanza, siku ya pili, nyangumi, sili,
machweo yasiyoisha.
Siku ya tano: mlima wetu wenye umbo la moyo,
kanisa la mawe, nyumba ya manjano,
na kwenye kamba, mashuka.
Nikavaa miwani.
Shuka la pembeni lina kiraka.
Kiraka kile nilikishona mimi.

Chini yake wameandika: Maisha halisi ya wenyeji.

Nikapiga simu Kopenhageni. Akapokea binti aitwaye Sidsel,
sauti laini, kama siagi iliyosahaulika jikoni.
Lakini mama, akasema, siku ya tano meli inatia nanga Uummannaq.
Si ndiko unakonipigia?
Ndiko.
Utalipa krona elfu sitini ufike kwako?
Sitini na mbili, nikamjibu. Nataka chumba chenye dirisha.

Kila Agosti wanakuja na majaketi yao mekundu,
wanatupiga picha, tunawapungia mkono,
wanaondoka na sisi mifukoni.
Sijawahi kujua wameondoka na nini.
Kwa hiyo nitapanda helikopta, kisha ndege, kisha ndege nyingine,
nizunguke mbali ili nije karibu.
Amalie nimempa ufunguo. Ataanika mashuka siku hiyo,
lile lenye kiraka liwe mbele. Ameacha kucheka.

Inuuteq anauliza: na Kusini je?
Kusini kutanisamehe. Hakuna aliyeniahidi huko.

Nitasimama sitahani, nimevaa jekundu, miongoni mwa wageni,
na wakiuliza pale ni pa nani, sijui nitasemaje.
Kuna dirisha moja lenye viti viwili.
Nimekaa karibu nalo miaka saba,
karibu mno.
Labda kutoka baharini, kwa umbali ule,
mtu huoni ni kiti kipi
kilichobaki kitupu.