Kifungo cha Tatu

Huja saa moja kasorobo, theluji mabegani,
Piroska akiwa bado anapanga mikate ya mbegu za popi dirishani.
Husogea hatua moja zaidi ya inavyostahili,
hatua moja tu, ungeweza kuipima kwa rula,
na mwili wangu, bila kuniuliza, hurudi nyuma.

Ödön. Jina nimelijua kwa kadi yake ya benki.
Utani wetu humfikia umechelewa
kama tramu namba moja iliyokwama kwenye barafu:
sisi tumeshacheka, tumeshafuta midomo,
ndipo yeye anaanza, peke yake, kwa sauti,
na tabasamu lake husahau kuondoka.

Macho nayo. Ama yako sakafuni,
ama yanakufikia na kukaa,
kama mkono uliosahauliwa begani.

Juzi aliniambia: "Jumanne ulivaa sweta la kijani.
Kifungo cha tatu hakikuwepo. Sasa kipo."
Alisema kama mtu anayetoa zawadi.
Piroska alinifinya kiunoni. Jioni tulikwenda kituoni pamoja,
tukigeuka nyuma kila taa, tukicheka kicheko kisicho na raha.

Hajasema neno baya. Hilo ndilo linalonisumbua.
Mbwa akinguruma, najua niondoke;
akitikisa mkia, najua nimpapase.
Huyu hakunguruma, hakutikisa,
na shaka yangu, ilipokosa pa kukaa, ikakaa kwenye ngozi.

Lakini nikisema kweli, na niiseme:
yule aliyenifungia mlango kwa ndani, kule Miskolc,
alicheka kwa wakati. Alijua hatua ngapi zinatosha.
Mama alimpenda kabla hajamaliza supu.

Kwa hiyo sijui ngozi yangu husoma nini.
Labda husoma mwandiko tu, barua haiisomi.

Leo hajaja. Saa moja. Saa moja na robo.
Nimemfungia mkate mmoja, nimeuficha chini ya kaunta,
Piroska asiuone.
Akiingia nitamwuliza cha kwake kimeangukia wapi,
kile cha koti, cha pili kutoka juu,
wiki nzima nakiona hakipo.
Nitamwuliza.
Nikiwa upande wangu wa kaunta.