Mengineyo

Nimepima vyumba kwa hatua, maana futi kamba ya ofisi ilikatika.
Kwa baba, Isevya: hatua nne kwa tatu,
chandarua kimeshonwa kwa uzi mwekundu,
dumu la asali chini ya meza,
nyuki wawili wamefia kwenye mfuniko.
Kwa mama, Ipuli: vyumba viwili, choo cha kuchangia,
cherehani imefunikwa kanga
kama mgonjwa anayeogopa baridi.
Vyote nimeandika. Mahakama inapenda vinavyohesabika.

Mihayo aliniambia: mwanamke huyu ana mdomo.
Nyanzala aliniambia: mwanamume huyu ana msitu,
akiingia na mizinga yake huko Sikonge
mwezi huandama na kufa hajarudi.
Niliwaamini wote wawili. Ndiyo shida ya kazi hii.

Mtoto ana miaka sita na miezi minane.
Aliye chini ya saba, sheria humdhania mama,
isipokuwa ustawi wake useme vingine.
Ustawi hausemi.
Ustawi ulikaa kwenye benchi langu, miguu haifiki chini,
unatikisa jino kwa ulimi.

Nikauliza nilivyofundishwa, nikizungukia mbali:
Unapenda kula nini? Nani hukuamsha?
Usiku ukiogopa, unamwita nani?
“Matobolwa. Jogoo. Simwiti mtu, najifunika.”

Lakini ndala ya kushoto nilikwisha kuiona Isevya,
ya bluu, kisigino kimelika, imesukumwa uvunguni.
Ya kulia ilikuwa Ipuli, nyuma ya cherehani.
Nikadhani ni uzembe wa wakubwa, nikataka kuwaandika.
“Milembe, ndala zako zimepotezana?”
Akanitazama kwa huruma, mimi, mtu mzima.
“Nikiziweka pamoja wataona nimeshafika.”

Fomu ina vipengele kumi na viwili:
makazi, kipato, shule, umbali wa zahanati.
Cha mwisho ni Mengineyo, mstari mmoja na nusu.
Niliziandika ndala hapo, herufi zikabanana.

Hakimu alisoma ripoti kama anayesoma bei za saruji.
Alipofika pale akanyamaza,
akarudi mwanzo wa mstari.
“Hizi ndala ziko wapi?”
“Moja imepotea, mheshimiwa,” wakajibu kwa pamoja,
kisha wakageukiana,
mara ya kwanza tangu shauri lifunguliwe.

Uamuzi ulichukua dakika sita.
Akae na mama. Baba amchukue Ijumaa jioni,
amrudishe Jumapili kabla ya giza.
Likizo igawanywe. Matunzo kila tarehe tano, kwa risiti.
Haki ya rufaa imeelezwa.
Ni uamuzi mzuri. Hata mimi nisingepata mwingine.

Nje, Milembe alikuwa na viatu vya shule na soksi nyeupe,
siku ya mahakama huvaliwa.
Alinivuta sketi, akafumbua kiganja:
jino, na damu kidogo, bado na joto.
“Hili,” akauliza,
“nilirushe paa la nani?”