Baada ya Paa

Wekundu umekwenda zake. Ngozi imebambuka,
nimeifagia kitandani kama maganda ya kitunguu,
na nesi wa zahanati, miwani puani, ameniinamia mgongoni
akasema, "Pazuri, Edelmira. Pamepona."

Pamepona nini, na usiku wa wiki ya tatu
kuna siafu waliopotea njia chini ya mabega yangu?
Hawaumi. Wangeuma ningewajua.
Wanatembea tu, wanasimama,
wanasahau walikokuwa wakienda.

Mwanzoni mwa Novemba nilipanda paa la bati
kupaka rangi aliyoinunua baba akaiacha stoo,
makopo manne, nyekundu ya matofali.
Upepo wa mlangobahari ulikuwa wa kukata masikio;
sweta nililivua kwa ajili ya kazi, si kwa joto.
Nani hapa Punta Arenas hulishuku jua?
Jua letu ni mgeni asiyebisha hodi,
haketi, hanywi hata chai.
Jioni ndipo nilipojua amekula nini.

Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole,
kwa hiyo sikuambiwa.

Shati la pamba ni msasa.
Maji ya kuoga, vuguvugu tu, ni sindano.
Sweta la sufi alilonifumia shangazi
nimelikunja, nimelirudisha kabatini, nimelitaka radhi.
Abelardo akinigusa hapa, nyuma ya bega,
naruka kama nimekumbushwa deni.

Husema Mungu humpa upele asiye na kucha.
Mimi kucha alinipa; dada yangu Nolvia akazikata
kwa mkasi wa kupasulia kaa kiwandani,
akasema, "Haya, sasa jikune."
Nikajikuna kwa mgongo wa kijiko,
kwa fremu ya mlango, kwa pembe ya friji,
nikaguna kwa raha,
na nyuma ya raha, moto.

Kipya kinyemi, ingawa kidonda:
ngozi hii ya waridi bado hainijui,
inashtuka kwa shuka, kwa nywele zangu mwenyewe.

Leo nimechungulia kutoka uani.
Pale karibu na bomba la moshi,
nilipopaka juu ya kutu kwa haraka,
rangi nayo inabambuka.
Kopo moja limebaki.
Na shati la baba lipo, la mikono mirefu,
kola ngumu kama ukingo wa debe.
Jana usiku nililivaa gizani.
Nimelivumilia mpaka nikahesabu mia.