Bakuli la Kumi na Tatu

Watawa ni kumi na wawili. Tumewahesabu
saa nane za usiku, Doncaster, mvua ikikwaruza dirisha,
kidole changu kikigusa kioo, kofia kwa kofia:
kumi na wawili, majoho rangi ya jivu,
wanapanda ngazi bila kuacha unyayo kwenye theluji.
Mezani kuna mabakuli kumi na matatu.

Hilo ndilo lililotunyima usingizi msimu mzima.

Shabir anasema la kumi na tatu ni la mwasi,
yule aliyeiba ufunguo wa kisima akafutwa jina;
ushahidi wake ni doa ukutani, refu kuliko mtu.
Ewelina anasema ni la maiti,
kwa kuwa humo hamtoki mvuke, na amelikodolea macho
siku tatu mfululizo, akila mkate kwa mkono mmoja.
Desmond hana nadharia, ana dharau:
"Mchoraji alikosea. Alinakili, akasahau kufuta."
Tulimnunia wiki nzima.

Mimi nina yangu. Sijaisema.
Kwetu Tukuyu sahani ya ziada haikuulizwa ni ya nani;
hata mdai deni alinawishwa kwanza, akala,
ndipo akakumbushwa alichofuata.
Ningeisema wangecheka: watu wenye komeo saba langoni
wamngojee mgeni?
Lakini bibi yangu naye alikuwa na komeo.

Juu ya lango la watawa kuna maandishi
ambayo Shabir aliyafumbua herufi kwa herufi, miezi miwili,
nami nikayatia Kiswahili wakati wa mapumziko
nyuma ya lebo ya sanduku la viatu:

   *Aliyekuja hakuja, aliyebaki hayupo,*
   *kengele tunaingoja, sauti ingali ipo.*

Shabir anasema vina nimevichomeka mimi.
Kweli.

Sudi aliacha. Hakufa, msiniangalie hivyo,
alipata zamu ya mchana, na mapacha.
Ila hakujitoa mchezoni ipasavyo:
msafiri wake bado amepiga magoti langoni,
theluji imemfika kiunoni,
na wapitao, watu tusiowajua, humwekea mikate magotini.
Juzi ilikuwa arobaini na mmoja.
Kuna wanaoamini sasa kwamba yeye ndiye wa kumi na tatu.
Tulimpigia simu kumwambia. Alikuwa akibadilisha nepi.

Jumapili moja ya Machi Desmond alituendesha
kwenye gari lake linalonuka mbwa, hadi magofu ya Roche,
kupita Maltby, bondeni, ambako watawa waliishi kweli
mpaka mfalme alipoitaka hata risasi ya paa lao.
Hakuna ukumbi wa kulia. Kuna mistari ya mawe nyasini
na kijito kinachopita palipokuwa chini ya supu yao.
Shabir alihesabu hatua, akaandika. Sijui aliandika nini.
Mama mmoja mwenye buti za mpira, mlinzi wa mahali pale,
alituambia hawakuruhusiwa kusema ovyo;
walisemezana kwa vidole. Akatuonyesha mkate. Akatuonyesha samaki.
Ewelina akauliza: na bakuli?
Hilo hakulijua.
Njia nzima ya kurudi Ewelina hakusema neno.

Ghalani, mstari wa nne, mashine zimeyameza maneno zamani.
Vidole viwili vikiinama: chai.
Kiganja shavuni: imebaki saa moja.
Ukigusa sikio, msimamizi yuko nyuma yako.
Hatukufundishana. Zilikuja tu, kama sugu.

Jumanne, ng'ambo ya mkanda, masanduku yakipita kati yetu,
Ewelina aliunganisha viganja,
akaviinua mpaka kidevuni,
akanitazama,
kisha akavigeuza chini, polepole, kama anayemwaga.

Shabir anasema alikuwa na njaa.
Desmond anasema alikuwa akinyoosha mikono, basi.

Mimi nina yangu.