Milimita Mbili

Miaka kumi na minne nilipitisha rehani
za nyumba ambazo sikuwahi kugusa vitasa vyake.
Jina, mshahara, deni, sahihi. Muhuri.
Watu wa Dundee wakahamia ndani ya karatasi zangu
nami sikumjua hata mmoja ambaye dari yake inavuja.

Kisha benki ikafunga tawi letu.
Ikatupa keki, na bahasha,
na kadi ya "Kila la heri, Oona"
iliyotiwa sahihi haraka haraka na watu
waliokuwa wakitafuta maboksi ya kubebea vitu vyao.

Sasa ni saa mbili usiku.
Mashine ya kufulia inatetemeka kama mtu mwenye homa,
nami, mwanafunzi wa uzamili mwenye miaka arobaini na miwili,
nimeweka kompyuta juu ya ubao wa kupigia pasi
kwa sababu mezani kuna volkano ya Lachie,
ya magazeti na gundi, haijakauka.

Kwenye kioo tuko tisa, kila mtu na dirisha lake.
Fundi bomba wa Halifax, kwake jua bado liko juu.
Mwanajeshi mstaafu wa Cardiff, na paka wake
anayepita mbele ya kamera kama mkaguzi mkuu.
Bwana Threlfall anaonyesha picha ya ukuta.
Mnaona nini?
Ufa.
Mtafanya nini?
Tutaziba, nasema mimi, mwepesi wa kujibu,
kwani nani asiyejua: usipoziba ufa
utajenga ukuta?

Ananyamaza. Mvua ya kwake inasikika kwenye spika zangu.
"Usizibe," anasema. "Bado haujamaliza kusema.
Pima. Weka alama ya penseli mwisho wake, na tarehe.
Kisha nenda zako, urudi."

Kazi ya kwanza: kagua nyumba unayoijua.
Nikaenda kwa baba, Lochee, ghorofa ya juu kabisa,
na tochi, na kipima unyevu cha kuazima,
na kadi ya plastiki yenye mistari myembamba kama nywele.
Wattie Geddes alinipokea
kama mtu aliyeletewa daktari asiyemwita.
"Usiandike chochote kuhusu choo," akasema.

Niliandika kuhusu choo.
Niliandika mlizamu uliopasuka, vigae vitatu vya mawe vilivyoteleza,
saruji ambayo mtu mvivu aliipaka palipotaka chokaa,
na jiwe chini yake likishindwa kupumua.
Ukungu nyuma ya kabati, mweusi, wa heshima, wa siku nyingi.
Kila nilipoandika, baba alikohoa.

Chumbani kwao ilibaki kalenda ya bucha, ya mwaka wa elfu mbili na nne.
Nikanyoosha mkono. Akanitangulia,
akaitungua mwenyewe, taratibu,
kama anayemvua mtu kofia usingizini.

Ufa. Kutoka kona ya dirisha kuelekea darini.
Na pembeni yake, ngazi ya vistari vya penseli,
mwandiko wa mtu wa kiwanda cha matairi
aliyeacha shule akiwa na miaka kumi na mitano:
Oktoba. Machi. Machi tena.
Kistari kimoja hakikuwa na mwezi, ila neno tu: *mazishi*.

"Milimita mbili," akasema, "tangu mama yako.
Miaka sita ya mwisho haujasogea.
Sikuuziba. Nilitaka kujua unakwenda wapi."

Nami nimelipa ada kwa awamu tatu
ili niambiwe hivyo.

Nikaweka kadi yangu ukutani. Milimita mbili.
Nikaandika tarehe ya leo chini ya zake,
mkono wangu ukiwa mbaya kuliko wake,
na kwenye fomu, penye safu ya hali ya jengo,
nikajaza: daraja la pili.

Akavaa miwani, akaisoma fomu yote, hata nembo ya chuo.
"Daraja la pili," akasema.
"Hiyo ni kufaulu?"