Kati ya Sita na Saba

Nimevuta turubai. Mjusi ametoka kwenye taa
bila haraka, kama mpangaji aliyelipa kodi.
Miaka tisa uani hapa Keko:
unga wa mbao wa mafundi wa vitanda
umeingia kila upenyo, umelala juu ya oili
mpaka umekuwa ngozi.

Honda ya mama, nyekundu ya zamani.
Kwenye spidomita namba ya mwisho imekwama
kati ya sita na saba:
sita imeshapanda nusu, saba inachungulia.

Mama alikuwa akisoma mita za maji.
Ukonga, Kipunguni, Kitunda, enzi za tope,
daftari ndani ya mfuko wa nailoni,
mbwa wa watu wakimjua kwa mlio.
Mpaka leo mtaa unamwita Bi Mita.
Mpaka leo ukimtajia mtu, hakumbuki sura;
anakumbuka mita yake ilikuwa nyuma ya choo
au chini ya mgomba.
Goti lilimstaafisha kabla ya barua.

Naanza na tangi. Petroli ya miaka tisa
hainuki petroli, inanuka vanishi;
nilidhani upepo umegeuka kutoka karakana.
Nikaimwaga kwenye dumu, nikatia kokoto viganja viwili,
nikalitikisa tangi kama kayamba,
na kutu ikatoka kidogo kidogo
kama mtu anayekiri deni.

Kabureta nimeifungulia juu ya sinia,
lile la pilau.
Jeti ina tundu jembamba kuliko la sindano,
nimelizibua kwa uzi mmoja wa waya wa simu,
nikaliinua juani, nikaona nukta ya mwanga.
"Sinia langu hilo," sauti imetoka dirishani.
Haikuuliza kitu kingine.

Gerezani, Msabaha wa spea alicheka.
"Hii? Hii siku hizi hatuuzi, tunasimulia."
Kisha akazama chini ya meza, akaibuka
na plagi, gasketi, waya wa klachi usio na boksi,
akataja bei ya mtu aliyekwisha kuyaona macho yangu.
Betri sikununua.
Kiki ipo, na mguu ninao.

Chini ya siti nilikuta kikaratasi,
mwandiko wake, penseli:
*Nyumba imefungwa. Nitarudi.*
Nikakirudisha palepale.

Jumamosi, alasiri. Kiki ya kwanza, kimya.
Ya tano, kikohozi.
Ya kumi na moja ikapiga chafya moshi mweupe
juu ya kanga za Mama Tumsifu zilizoanikwa,
naye akaita watakatifu watatu kwa majina.
Nikafuta jasho. Nikapiga tena:
ikashika, ikanguruma, ikazima.

"Hewa nyingi," dirisha likasema.
"Ile skrubu ya ubavuni. Kaza robo."
Nikakaza.
"Nimesema robo, hiyo nusu."

Ikashika.
Ikabaki imeshika, mlio mkavu wa tak-tak-tak,
na mbwa wa nyumba ya tatu, ambaye hata hakuwa amezaliwa
enzi hizo, akainua sikio.

Mama akatoka akishika ukuta.
Akaweka kiganja juu ya tangi
kama alivyokuwa akitupima homa.
Nilijiandaa kwa machozi, yake au yangu.
Akasema, "Cheni inacheza."

Nikakaza cheni, yeye amesimama juu yangu.
Kisha akapanda nyuma, kiupande,
goti bovu limenyooka kama mwiko.
"Mpaka Chang'ombe tu. Halafu turudi, nina maharage jikoni."

Mafundi wa vitanda waliacha randa kutuangalia.
Nami barabara sikuitazama vizuri, naungama;
nilikuwa naitazama ile sita
ikipanda, ikipanda, ikipotea,
saba ikakaa sawa dirishani mwake.

Na nyuma ya bega langu mama akaisoma,
tarakimu zote tano, polepole, kwa sauti,
kama kuna mtu mahali anaandika.