Nukta Nne

Kaunti yetu nzima naitia kwenye kompyuta:
watu elfu ishirini na moja na mia mbili,
bila nyuso, bila mbwa, bila madeni ya hospitali.
Visanduku vitano, na mishale kati yake:
wenye vidonge vya daktari,
waliovizidisha,
waliohamia unga wa nyuma ya maduka,
walio kwenye tiba,
na kile cha mwisho, ambacho mshale huingia
wala hautoki.

Nabonyeza. Miaka kumi hupita
kahawa ingali inafuka.

Jumanne Bwana Stiltner wa baraza aliniambia:
"Punguza vidonge, Loretta. Basi. Hilo nalo lataka hesabu?"
Nikapunguza.
Mstari wa vifo ukapanda.
Akasema mashine ni mbovu.

Si mbovu. Maji ukiyaziba mlangoni
yatatafuta dirisha;
aliyenyimwa kidonge, na mwili wamdai,
hamgongei mchungaji saa nane za usiku.
Nikaongeza vitanda. Nikaongeza naloksoni
katika droo ya Opal, mkutubi wetu,
baina ya mihuri na penseli butu.
Mstari ukasita,
ukainama, mwaka wa tatu, kama mtu aokotaye sarafu.

"Tutaokoa wangapi?"
"Kati ya kumi na tisa na arobaini na watatu."
"Nataka namba moja."
"Nami pia."

Sikumwambia kuwa modeli hukata watu vipande:
mwezi wa pili, katika jaribio moja,
wamekufa saba nukta nne.
Saba nawaelewa.
Hiyo nukta nne, ni mkono wa nani?
Ni nani aliyelala bafuni, midomo samawati,
nusu yake ikisikia mlango ukivunjwa?

Sikumwambia habari za Verlin, mdogo wangu,
aliyeteguka mgongo chini ya mgodi wa makaa,
akapewa chupa ya vidonge na pole.
Cha kwanza amekipita, cha pili amekipita.
Cha tatu na cha nne amevirudia
hadi mshale wangu umechakaa.

Baraza limepiga kura, wanne kwa watatu:
vitanda sita.
Niliomba ishirini.

Usiku huu nafuta ishirini, naandika sita.
Jikoni Verlin anaosha vyombo,
anagonganisha sahani, anaacha povu kwenye vikombe
kama alivyofanya akiwa na miaka tisa.
Kidole ki juu ya kitufe.
Sijabonyeza.